Mtakatifu Huanzia kwa Aliyeona: Namna ya Kutunza Ushuhuda wa Watu Watakatifu wa Uganda

Hotuba kwa makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na viongozi wa mahujaji wanaosali kwa Kiswahili nchini Uganda

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu makatekista, wazee wetu, akina mama wa jumuiya, nanyi vijana mnaotangulia na bendera za mahujaji kutoka Busia, Tororo na West Nile, nawasalimu wote.

Kila Juni Tatu inapokaribia, nyinyi ndio mnaoombwa kuwafundisha watu habari za Wafiadini wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani enzi za Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Fundisho lililozoeleka ni fupi: vijana 22 walichomwa moto Namugongo, palipo na basilika, tarehe 3 Juni 1886. Sentensi hiyo ina makosa manne, na kwa kuwa husemwa mbele ya watoto wa katekisimu, makosa hayo hurithiwa.

Kwanza, si wote 22 waliokuwa vijana. Mathias Kalemba Mulumba alikuwa mtu mzima wa miaka karibu 50, mwenye mke na watoto. Andrea Kaggwa alikuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, mwenye nyumba yake na wanafunzi wake wa dini. Pili, hawakufa siku moja. Wa kwanza, Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliuawa Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885. Wa mwisho, Yohana Maria Muzeeyi, alikatwa kichwa tarehe 27 Januari 1887. Kati ya vifo hivyo viwili ni zaidi ya mwaka mzima. Tatu, waliochomwa Namugongo siku ile ya Juni Tatu, iliyokuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana, ni Wakatoliki 13. Tisa waliobaki walikufa kwingine: Denis Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa waliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886, na siku hiyohiyo Ponsiano Ngondwe alichomwa mkuki Ttaka Jjunge. Kesho yake Atanasi Bazzekuketta aliuawa Nakivubo, na Gonzaga Gonza akauawa njiani kwenda Namugongo. Kalemba alikatwa viungo palipo Old Kampala tarehe 27 Mei, akaachwa peke yake juani, akafa tarehe 30. Nuhu Mawaggali, mfinyanzi, aliuawa Mityana tarehe 31.

Nne, na hili huwashangaza mahujaji wengi: kati ya wale 13, aliyechomwa hapo lilipo basilika la Kikatoliki ni Karoli Lwanga peke yake. Walimtenga na wenzake, wakamchoma kwa moto wa polepole, kuanzia miguuni. Wengine 12 walichomwa Nakiyanja, mwendo mfupi kutoka hapo, penye madhabahu ya ndugu zetu Waanglikana, pamoja na wafiadini wa Kianglikana. Kwa hiyo kiongozi anayewaleta watu wake basilikani kisha akawapakia kwenye basi kuwarudisha nyumbani, amewapitisha kando ya majivu ya watakatifu 12. Nawasihi, wapelekeni Nakiyanja. Wapelekeni na Munyonyo pia, ambako hukumu ilitolewa na safari ile ikaanza, na ambako Papa Fransisko alizungumza na makatekista na walimu tarehe 27 Novemba 2015. Ni pahali penu hasa. Nakumbusha vilevile, kwa sababu wengi wetu tunaishi na majirani Waislamu, kwamba Namugongo palikuwa mahali pa kunyongea watu kabla ya 1886. Waislamu nao waliuawa huko enzi za Kabaka Mutesa kwa ajili ya dini yao. Mhujaji anayejua hilo huingia pale kwa heshima pana zaidi.

Sasa, habari hizi tumezipataje? Nani alijua kwamba mfiadini Kizito na Lwanga walikuwa wapi usiku ule kabla ya kukamatwa? Nani alisikia Kalemba alimjibu nini Katikkiro, waziri mkuu wa Kabaka? Hapo ndipo penye jambo nililokuja kusema leo. Kila mtakatifu tunayemjua, tunamjua kwa sababu kuna mtu wa kawaida aliyeona, akakumbuka sawasawa, akaulizwa, akajibu bila kuongeza. Roma haimtengenezi mtakatifu, hupima tu kile kilicholetwa kutoka parokiani. Na parokia ikileta ushuhuda mbovu, au isilete chochote, mtu yule atabaki ameandikwa mbele za Mungu tu, wala vizazi vyetu havitamjua.

Tazameni ilivyokuwa kwa wafiadini wenyewe. Padre Simeon Lourdel, yule ambaye Baganda walimwita Mapera, alifika Munyonyo tarehe 26 Mei kumsihi Kabaka Mwanga, akawaona vijana wakipitishwa wamefungwa, karibu naye kabisa. Aliandika. Lakini Lourdel hakuwako Namugongo. Walioueleza moto wenyewe ni vijana watatu Wakatoliki waliofikishwa pale pamoja na wenzao kisha wakaachwa hai: Denis Kamyuka, Karoli Werabe na Simeoni Ssebuta. Watu hawa waliishi miaka mingi, wakaitwa, wakaapa, wakaulizwa. Bila wao tungejua kwamba vijana walikufa, lakini tusingejua walikufaje. Ni kutokana na mashahidi wa aina hiyo tunajua kwamba Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na Mukajanga mkuu wa wauaji, alipigwa shingoni akafa kabla ya kuwekwa motoni. Na kwamba Lwanga alimwambia aliyekuwa akimchoma kwamba moto ule ni kama anammwagia maji.

Tazameni pia majina. Miongoni mwa wale 22 wapo Mukasa watatu: Yosefu Mukasa Balikuddembe, Adolfu Mukasa Ludigo na Mukasa Kiriwawanvu. Na Katikkiro aliyesukuma mauaji yale naye aliitwa Mukasa. Shahidi akisema tu “Mukasa alisema hivi,” maneno ya mfiadini yanaweza kuandikwa kwa mtesi wake. Watano hawana jina la ubatizo la kigeni: Kizito, Gyavira, Mugagga, Mbaga na Kiriwawanvu. Wanne wa kwanza walibatizwa na Lwanga kwa haraka Munyonyo, usiku ule kabla ya kukamatwa. Kiriwawanvu hakubatizwa kwa maji kamwe, alibatizwa kwa damu yake. Basi mtoto akikuuliza kwa nini Kizito hana jina la Kizungu, jibu lipo, nalo ni zuri kuliko maneno ya kubahatisha. Na msiwafundishe watu kwamba hawa ni watakatifu wa Baganda peke yao. Kaggwa na Anatoli Kiriggwajjo asili yao ni Bunyoro, Ludigo alitoka Tooro, Kalemba na Gonza ni Basoga.

Kwa Wafiadini wa Uganda, ushuhuda ulitosha. Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza wenyeheri tarehe 6 Juni 1920. Ili wawe watakatifu ilihitajika miujiza, na iliyopokelewa ni kupona kwa masista wawili wa Rubaga walioambukizwa tauni mwaka 1941. Papa Paulo wa 6 akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, na mwaka 1969 akaja mwenyewe Uganda. Kuanzia kifo hadi utakatifu ni miaka 78. Muda huo wote kesi ilisimama juu ya maneno ya watu waliokuwa vijana wadogo mwaka 1886.

Sasa niwapeleke kaskazini, Paimol, maana hapo tunaona upande wa pili. Daudi Okelo na Jildo Irwa walikuwa makatekista kama nyinyi. Daudi alikuwa kijana wa miaka kama 16 hadi 18, Jildo mtoto wa miaka kama 12. Walitumwa na Wamisionari Wakomboni wa Kitgum mwishoni mwa 1917 kwenda kufundisha Paimol, baada ya katekista wa huko kufariki. Rejista ya Kitgum inatupa siku kamili: Daudi alibatizwa tarehe 1 Juni 1916, Jildo tarehe 6 Juni, na wote wawili walipata kipaimara tarehe 15 Oktoba mwaka huohuo. Lakini siku ya kufa kwao? Kumbukumbu zinasema kati ya tarehe 18 na 20 Oktoba 1918, kabla ya jua kuchomoza. Ubatizo una siku kwa sababu kuna padre aliyeshika kalamu, na kifo hakina siku kwa sababu hakuna aliyekuwa na kalamu pale. Fikirini jinsi parokia zetu zilivyo hadi leo: ubatizo na ndoa tunaandika, vifo mara nyingi hatuandiki, au tunaandika jina tupu bila siku wala sababu. Rejista ya marehemu ndiyo dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo ya kwanza kutafutwa na Kanisa linapotaka kujua mtu alikufaje.

Kesi ya Paimol ilikuwa na ugumu mwingine. Mwaka 1918 kulikuwa na njaa na magonjwa, na fujo zilizotokana na serikali ya kikoloni kumpunguzia chifu mamlaka. Mtu angeweza kusema kwamba vijana hawa waliuawa kwa siasa tu, kwa kuonekana ni watu wa wageni. Kanisa, kabla ya kumwita mtu mfiadini, hutaka mambo matatu yathibitishwe. Kwamba aliuawa kweli, au alikufa kwa mateso aliyopewa. Kwamba yeye mwenyewe alikipokea kifo kwa ajili ya imani, hakukamatwa tu akikimbia. Na kwamba aliyemuua alimuua kwa kuichukia imani, au kwa jambo ambalo imani inalidai. Hilo la tatu ndilo linaloangusha kesi nyingi, kwa sababu mashahidi hueleza kwa urefu namna marehemu alivyokufa, lakini hawasemi wauaji walisema nini. Kwa Paimol mashahidi walilisema: wauaji walimtaka Daudi aache kufundisha dini, akakataa. Jildo aliambiwa aende zake, akajibu kwamba walikuja pamoja na walifundisha pamoja, basi kama Daudi ameuawa kwa hilo, naye auawe kwa hilohilo. Maneno hayo yalikumbukwa na watu wa kijijini. Yohane Paulo wa 2 aliwatangaza wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002. Kwa Buganda vilevile, ushahidi mzito ni kwamba Kabaka aliagiza wanaosali wajitenge upande mmoja. Aliwatambua kwa sala, hakuwatambua kwa kosa jingine.

Daudi na Jildo bado ni wenyeheri, hawajatangazwa watakatifu. Tuliseme hili sawasawa, kwa sababu nasikia likichanganywa hata kwenye matangazo ya Misa. Anayefanyiwa uchunguzi huitwa Mtumishi wa Mungu. Papa akikiri kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa, hupanda ngazi, lakini bado haruhusiwi ibada ya hadharani. Muujiza mmoja ukithibitishwa, anakuwa mwenyeheri, naye huheshimiwa katika jimbo, nchi au shirika lililoruhusiwa. Mfiadini hahitaji muujiza ili awe mwenyeheri. Ili kuwa mtakatifu kwa Kanisa zima, mwenyeheri yeyote anahitaji muujiza mmoja zaidi, uliotokea baada ya kutangazwa mwenyeheri. Tangu 2017 iko pia njia ya mtu aliyetoa uhai wake kwa hiari kwa upendo wa jirani, akijua kwamba atakufa mapema kwa sababu hiyo; njia hiyo huhitaji muujiza kabla ya uenyeheri.

Mwenyeheri wetu aliyepita njia ya fadhila ni Padre Giuseppe Ambrosoli, Mkomboni na daktari wa upasuaji wa Kalongo, aliyefika Uganda mwaka 1956 na ambaye Waacholi walimwita Ajwaka Madit, yaani daktari mkuu. Tarehe 13 Februari 1987, kwa amri ya jeshi, hospitali ya Kalongo ilihamishwa na msafara ukaelekea Lira. Ambrosoli alihangaika kuwatafutia wanafunzi wa shule ya wakunga mahali pengine ili wasipoteze mwaka, na tarehe 27 Machi 1987 akafa Lira kwa figo, vita vikiwa vimefunga njia za matibabu. Uchunguzi wa jimbo ulifunguliwa Gulu mwaka 1999, miaka 12 tu baada ya kifo, wauguzi na wagonjwa wake wakiwa hai. Faida ya kuwahi ni hiyo.

Na muujiza wake una somo kubwa kwa wahudumu wa afya waliomo humu. Mwaka 2008, katika hospitali ya Matany huko Karamoja, mama mmoja aliyefiwa na mimba alikuwa anakufa kwa sumu iliyoenea kwenye damu. Daktari aliweka picha ya Ambrosoli kwenye mto wake, akawaomba jamaa wamwombe yeye. Mama akapona. Ona kilichoifanya habari ile iweze kuchunguzwa: ilitokea hospitalini, hali yake ilikuwa imeandikwa kabla, daktari aliyemtibu alijulikana, na aliyeombwa ni mmoja.

Basi tuingie kwenye kazi yenyewe. Tuseme katika kigango chenu amefariki katekista, sista, mama wa familia au padre, na watu wanasema kwa dhati kwamba alikuwa mtakatifu. Mfanye nini?

Kwanza msikimbilie kwa askofu na barua ya kudai kesi ifunguliwe. Sheria inataka ipite miaka mitano baada ya kifo, ili joto la msiba lipoe na ionekane kama sifa ile inabaki. Katika miaka hiyo kazi yenu ni kutunza. Mwenye mamlaka ya kufungua kesi ni askofu wa jimbo alikofia mtu, si alikozaliwa wala alikofanya kazi, ila Roma iruhusu vinginevyo. Kwa Uganda hili lina uzito, maana watu wetu wengi hufia Kampala, katika hospitali kubwa, mbali na parokia iliyowajua. Andikeni basi mapema alifia wapi hasa: wodi gani, hospitali gani, mji gani.

Kisha kusanyeni maandishi. Barua, madaftari ya mafundisho, shajara, hata orodha za wanafunzi wa ubatizo alizoandika kwa mkono wake. Maandishi yaliyochapishwa husomwa na wataalamu wa teolojia wasiopungua wawili. Yale yasiyochapishwa na hati nyingine hukusanywa na tume ya wataalamu wa historia wasiopungua watatu. Nyinyi si tume hiyo, ila nyinyi ndio mnaoweza kuzuia karatasi zisiliwe na mchwa kabla tume haijafika. Wekeni ndani ya sanduku la bati, liinuliwe juu ya matofali, mbali na ukuta wenye unyevu. Msizipige pini za chuma, huota kutu na kula karatasi. Msizifunike kwa plastiki ya moto ile ya vitambulisho. Karatasi haitatoka tena nzima. Msiandike kitu juu yake. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli, taratibu, ni nani yumo, wapi, mwaka gani. Na msichague. Barua aliyoiandika kwa hasira nayo itunzwe. Ikionekana baadaye kwamba parokia iliificha, kila kilicholetwa na parokia hiyo kitatiliwa shaka.

Ushuhuda wa watu ndio moyo wa kazi. Msikilizeni kila shahidi peke yake. Kosa ninaloliona zaidi ni kuwakusanya wazee chini ya mwembe na kuwauliza kwa pamoja: mmoja akisema alikuwa mpole, wote wataitikia mpole, na mnabaki na shahidi mmoja mwenye sauti 15. Andikeni jina lake kamili, umri, kijiji, parokia, na uhusiano wake na marehemu. Kwa kila jambo analosema muulizeni: uliona mwenyewe, au ulisikia kwa aliyeona, au ni habari inayozunguka? Yaandikeni hayo matatu kwa alama tofauti pembeni mwa karatasi, kwa sababu uzito wake ni tofauti kabisa. Akisema “alikuwa mtu wa sala,” msiandike hapo mkaendelea. Muulizeni alijuaje. Aliamka saa ngapi? Alisali wapi? Siku aliyotukanwa alifanya nini? Alikopa pesa, akalipa? Tume hupima fadhila kwa matendo: imani, matumaini, mapendo, busara, haki, nguvu, kiasi. Sifa isiyo na tukio haina kazi.

Miaka huwasumbua wazee. Msiwalazimishe kutaja tarehe, watabahatisha kuwaridhisha. Wafungeni kwenye matukio: ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Papa Paulo alikuwa ameshakuja? Wahindi walikuwa wameshafukuzwa? Ilikuwa vita vya 1979 au vya baadaye? Kutoka hapo mtapata 1962, 1969, 1972 bila kumtia mtu maneno mdomoni.

Andikeni kwa lugha ya shahidi mwenyewe. Kama amesema kwa Kiacholi, Kilugbara au Kisamia, yabaki hivyo, na tafsiri ya Kiswahili au Kiingereza ikae kwenye ukurasa wa pili. Katekista mwenye elimu hupenda kunyoosha maneno ya bibi yaonekane ya kanisani, na kwa kufanya hivyo huua ushahidi: maelezo ya watu 20 yanafanana kama yameandikwa na mtu mmoja, na kweli yameandikwa na mtu mmoja. Mwisho msomeeni alichosema, arekebishe, kisha atie sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba mbele ya watu wawili nao watie sahihi. Kama mmerekodi kwa simu, lipeni faili jina la shahidi na siku, na nakala ikae mahali pawili.

Tafuteni pia wasiompenda. Sheria inamtaka askofu awasikilize wenye ushuhuda wa kupinga, na msimamizi anayewaficha anaiweka kesi nzima hatarini. Kama marehemu alikuwa mtawa, mashahidi wengi wasiwe wa shirika lake tu. Watafuteni wapishi, walinzi, wafunzwa, majirani wa dini nyingine. Padre aliyemuungamisha asiulizwe lolote la kitubio, na asijitolee kusema.

Yote haya hayachukui nafasi ya kiapo. Kesi ikifunguliwa, mashahidi wataitwa upya mbele ya mjumbe wa askofu, mlinzi wa haki na notari (mwandishi rasmi), na kuulizwa kwa maswali rasmi. Karatasi zenu zitawaonyesha wa kuitwa ni nani na aulizwe nini. Kama kuna mzee sana au mgonjwa, mwambieni paroko mapema amjulishe askofu, kwani kesi ikishapokelewa sheria inaruhusu shahidi wa aina hiyo asikilizwe hata kabla hati zote hazijakusanywa. Wazee waliozaliwa mwaka 1945 hawatusubiri.

Kuhusu uponyaji, wengi hukosea mahali pamoja: huomba watakatifu wote kwa wakati mmoja. Mgonjwa anawekewa maji ya Lurdi, novena ya Mtakatifu Yuda, picha ya Ambrosoli na mafuta ya Namugongo, akipona hakuna anayeweza kusema ni kwa maombezi ya nani. Anayetaka kuombea kwa nia ya kesi fulani, amwombe huyo mmoja, na iandikwe siku na saa sala ilipoanza na walioshiriki. Mgonjwa ahifadhi lile daftari lake la zahanati. Katika vituo vyetu vingi daftari hilo la kununua ndiyo faili pekee ya mgonjwa, nalo hutupwa akishapona, au watoto hulichorea. Humo ndimo mna vipimo vya kabla, na bila vipimo vya kabla hakuna muujiza wa kuchunguzwa. Ongezeni majibu ya maabara, picha za eksirei, fomu ya kuruhusiwa, na majina ya waliotibu. Huko Roma madaktari saba hupima, na angalau watano wakubali kwamba kupona kulikuwa kwa haraka, kamili, kwa kudumu, na hakuelezeki kwa sayansi. Mgonjwa aliyekuwa bado anameza dawa inayotibu ugonjwa uleule huwa kesi ngumu mno. Msimpe mtu matumaini ya bure. Saratani nayo hudai miaka ya kusubiri kabla ya kusema imekwisha.

Limebaki la ibada, na hapa upendo wa watu huweza kuharibu kesi nzuri. Kabla ya kesi kwenda Roma, askofu au wajumbe wake hulikagua kaburi, chumba alichokaa marehemu, na mahali pengine panapoweza kuwa na dalili za ibada, kisha hutoa tamko kwamba hakuna ibada ya hadharani iliyotolewa. Kwa hiyo: picha yake isiwekwe juu wala karibu na altare, isichorwe na duara la mwanga kichwani. Kanisa au kigango kisipewe jina lake. Litania ya hadharani isimtaje. Msimzike chini ya altare. Sala ya binafsi kaburini inaruhusiwa, maua yanaruhusiwa, kadi ya sala yenye kibali cha askofu inaruhusiwa. Wenzetu kutoka Tanzania hukusanyika Namugongo tarehe 1 Juni kuiombea kesi ya Mwalimu Julius Nyerere, ambaye ni Mtumishi wa Mungu. Wanasali ili atangazwe, katika Misa inayotolewa kwa Mungu; ukiongoza rozari kundini mwao siku hiyo, usimalize kwa kuitikia “Mwenyeheri Julius, utuombee.” Hata kwa wenyeheri kamili kama Daudi na Jildo, kigango kipya hakiwezi kupewa jina lao bila ruhusa ya Roma, isipokuwa pale ambapo sikukuu yao tayari imo katika kalenda ya jimbo. Wanaotaka majina ya Waafrika kwa vigango vyao wana 22 wa kuchagua, na wengi wao, kama Ngondwe, Mawaggali na Bazzekuketta, hawajachaguliwa mara nyingi.

Mkirudi, anzeni na rejista ya marehemu ya kigango. Chora safu sita: jina kamili na la ukoo, siku ya kufa, mahali alipofia, sababu, sakramenti alizopokea mwishoni, na jina la mtu aliyekuwako. Aliyekuwako aandikwe na kijiji chake. Nakala moja ibaki kigangoni, ya pili iende kwa paroko kila mwisho wa robo mwaka. Na kwa yule ambaye watu wanamtaja kwa heshima ya pekee, fungueni faili lake kando, mliweke mikononi mwa watu wawili wa nyumba tofauti, paroko ajue ni akina nani.